Pikapu ya Baba Kwenye Tambarare

Mimi nafundisha fizikia. Nalisema hili mapema ili ukubwa wa aibu yangu ueleweke. Kwa miaka mingi nimesimama mbele ya kidato cha tatu hapa Voi nikiwachorea saketi ubaoni: betri hapa, swichi hapa, balbu pale, na mshale wa kuonyesha umeme unapita wapi. Balbu isipowaka, huwaambia, msipige kelele wala msianze kulaumiana. Fuateni waya kutoka mwanzo hadi mwisho, kipande kimoja baada ya kingine, na kosa mtalikuta limekaa linawangoja. Wanafunzi wangu huogopa hasira zangu, lakini kanuni hiyo wanaijua hata wakiamshwa usingizini.

Basi Ijumaa moja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikaa kwenye usukani wa pikapu ya baba yangu, nikazungusha ufunguo, na hakikutokea kitu.

Sisemi injini ilikohoa ikazimika. Sisemi ilitoa hata ule mlio wa tik unaompa mtu matumaini ya uongo. Taa za dashibodi ziliwaka zote, nyekundu na manjano. Redio ikaendelea na mahubiri pale ilipoyaachia Jumapili. Honi niliigusa kwa kiwiko bahati mbaya ikaamsha wapangaji wote wa ploti. Injini peke yake ndiyo iliyoninunia.

Nilizungusha tena. Nikazungusha mara ya tatu kwa upole, ya nne kwa nguvu, na ya tano nikiwa nimefumba macho. Jasho lilinitoka, ingawa jua la Voi lilikuwa bado halijaamua kutuadhibu. Nilikuwa na sababu ya kuogopa.

Baba yangu anakaa Wusi, kule milimani, na macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Siku hiyo, na siku hiyo tu, madaktari wa macho walikuwa wanakuja kwenye hospitali moja hapa Voi. Atakayefika kabla ya adhuhuri angeandikishwa na kupasuliwa. Atakayechelewa angesubiri hadi warudi, na hakuna aliyeweza kuniambia watarudi lini. Nilikuwa nimembembeleza Baba kwa miaka miwili. Alikuwa na majibu ya kila aina. Mara ni vumbi tu. Mara miwani ndiyo chafu. Mara kuona kila kitu nako kunachosha. Nilipomwambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, aliniuliza kwa utulivu kama namwona ana haraka ya kufa.

Jumapili ya wiki ile nilipanda Wusi nikamkalia kooni mpaka akachoka. Akakubali kwa sharti moja. Alitoa ufunguo wa pikapu kwenye mfuko wa koti na kunikabidhi.

"Chukua gari. Kuanzia leo ni lako," aliniambia. "Ijumaa uje unichukue nalo, saa tatu kamili. Nitakuwa nimesimama barabarani. Ukija na gari lingine, sipandi. Ukija saa tatu na dakika moja, utanikuta shambani."

"Baba, kuna teksi nzuri tu za kukodi."

"Sipandi gari la watu."

Alikuwa afisa wa kilimo maisha yake yote, na wakulima wa Wusi na Chawia watakwambia kwamba akishasema mstari upite hapa, hata ng'ombe wanauheshimu. Kwa hiyo Ijumaa ile nilijua kabisa nini kitatokea. Pikapu isipowaka, Baba atasimama barabarani hadi saa tatu, atageuka, atachukua jembe lake, na mazungumzo ya macho yatakuwa yamekwisha. Atasema Mungu hakupenda. Na mimi nitamtazama akipofuka taratibu, kwa sababu ya chuma.

Ili niaminike, inabidi nieleze jinsi gari linavyowashwa kwetu. Wusi hakuna mahali tambarare pa kuweka hata sufuria. Baba aliegesha pikapu ikiangalia chini, na jiwe mbele ya gurudumu. Asubuhi mmoja wetu aliondoa jiwe, Baba akaachilia breki, pikapu ikaanza kuteremka yenyewe, akaweka gia ya pili, akaachia klachi, na kabla ya kufika kwa jirani injini ilikuwa inanguruma. Tulipomuuliza kwa nini hawashi kwa ufunguo kama watu wa Wundanyi wenye ofisi, alitujibu kwamba kupiga stata ni kuchosha betri bure wakati Mungu ametupa mteremko. Tuliliamini jambo hilo sawasawa na katekisimu. Huyu ni mtu aliyegeuza bahasha kuukuu ndani nje ili aziandikie tena. Mteremko wa bure asingeuacha upotee.

Kwa hiyo ile Jumapili niliondoa jiwe, nikateremka, ikawaka, nikashuka nayo mpaka Mwatate na kufika Voi nikiwa nimevimba kichwa. Niliiegesha kwenye ploti ninapopanga, pua ukutani, nikaizima. Shule iko karibu, huenda kwa miguu. Jumatano niliiosha kwa sabuni ya vyombo, polepole, ili majirani wote wapate nafasi ya kuona. Lakini kuiwasha sikuiwasha. Ningeiwasha ya nini, na sikuwa na safari?

Wa kwanza kutoka nje alikuwa mama mwenye nyumba, bibi wa Kiislamu ambaye watu wake walitoka pwani zamani na ambaye Kiswahili chake hunifanya nione haya ya changu. Alisimama na kikombe cha kahawa akanitazama nikizungusha ufunguo.

"Mwanangu, gari hili limetupiwa jicho," alisema. "Nilikuona Jumatano ukiliosha. Hukusoma hata Bismillahi."

"Mama, mimi ni Mkristo."

"Basi ungesema hilo lenu."

Nilishuka, nikafungua boneti, na kumweleza kwamba hili ni jambo la umeme na nitalifuata kisayansi. Aliitikia kwa kichwa kwa namna ambayo mtu huitikia maneno ya mgonjwa wa homa.

"Kwa nini lisisukumwe?" aliuliza. "Wanaume wamejaa hapo nje kwenye bodaboda."

"Halisukumwi," nilimjibu, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko alivyostahili.

Hapo nilikuwa na deni na nafsi yangu. Asubuhi niliyokuwa naenda kuanza kidato cha kwanza, mvua ilikuwa imenyesha na pikapu ilikuwa imeegeshwa mahali pabaya, mteremko hautoshi. Nilitumwa kusukuma. Nilikuwa na sketi mpya, soksi nyeupe na viatu vinavyonuka duka. Ilipowaka, nilianguka kifudifudi kwenye tope jekundu. Baba hakusimama, maana angesimama ingezimika. Aliendelea kuteremka mwendo wa pole akinipigia honi, na mimi nikaikimbilia nikiwa na sanduku la bati kichwani, tope mpaka kwenye meno, huku kijiji kizima kikinishangilia. Niliripoti shuleni nikiwa na rangi ya Taita yote. Siku hiyo niliapa kwamba sitasukuma gari tena maishani, wala langu halitasukumwa. Nadhani hata fizikia niliisomea kwa sababu hiyo.

Basi nilifuata waya. Vichwa vya betri: safi, vimekaza. Maji ya betri: yapo. Fyuzi: nilizitoa moja moja nikaziangalia juani, nzima zote. Waya wa kwenda bodini: umeshika. Nilikuwa na kimita changu cha maabara cha kupimia umeme, na kilisema betri ina nguvu za kutosha kuwasha pikapu mbili. Umeme ulikuwapo. Swichi ilikuwapo. Nilirudi kwenye usukani kwa imani mpya, nikazungusha, na mhubiri wa redioni akanieleza habari ya subira.

Saa moja kasorobo alitoka jirani yangu wa upande wa pili, mfanyabiashara kutoka bara anayeuza viazi na vitunguu sokoni. Ni mtu mwema ambaye hajawahi kukosa jibu tangu nimjue.

"Hiyo ni betri, mwalimu," alisema kabla hajafika.

"Nimeipima. Si betri."

"Basi ni stata imeshika. Hii gari za zamani stata yake hushika. Inataka kugongwa tu."

Nikiwa mkweli, wazo hilo lilikuwa limenijia. Kila mtu Kenya hii amewahi kuona stata, ile mota ya kuamsha injini, ikigongwa. Alienda akaleta spana kubwa, akalala ubavu kwenye vumbi, akaingiza mkono chini ya injini, na kuanza kugonga. Mimi nikizungusha ufunguo, yeye akigonga. Alisema anaisikia inalegea. Akasema sasa imelegea kabisa, bado kidogo. Mama mwenye nyumba alirudi na kikombe cha pili na kiti. Tuligonga na kuzungusha kwa dakika kumi na tano, na nilikuwa nimeanza kumwamini, kwa maana mwanamume akilala kwenye vumbi na shati la kazi kwa ajili yako, si adabu kumtilia shaka.

Saa moja na robo nilisalimu amri nikampigia fundi. Alikuja kwa bodaboda, mzee wa Kikamba asiye na maneno mengi, na mfuko wa vyombo vyake begani. Nilimsomea matokeo yangu yote kwa utaratibu: betri, vichwa, fyuzi, bodi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaomba katoni, akaitandika, akaingia chini ya pikapu kwa mgongo mpaka tukabaki kuona viatu vyake tu.

Tulimsikia akipapasa chuma huku na huku. Halafu viatu vikaanza kutikisika.

"Fundi, uko salama?" nilimuuliza.

"Madam," sauti ilitoka chini, "nani alikuwa anagonga huku?"

"Ni mimi," jirani alisema kwa fahari. "Nilikuwa nagonga stata."

"Wewe ulikuwa unagonga kikono cha kushika injini." Fundi alijivuta nje, akaketi kwenye katoni, na kujifuta machozi kwa mkono wenye oili. "Hii gari haina stata."

"Imekufa?"

"Haijakufa. Haiko. Mahali pake ni shimo, na hilo shimo limezibwa na bati ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Imekatwa vizuri sana, na waya zimefungwa na mpira. Aliyefanya hii kazi ni mtu nadhifu."

Nilimjua mtu nadhifu mmoja tu. Nililala kwenye ile katoni kwa nguo zangu za kwenda hospitali, nikatazama juu, na kweli, mahali ambapo kila gari duniani lina stata, palikuwa na kipande cha bati chenye picha ya kikaango na nusu ya neno "safi". Nilikuwa nimechunguza kila waya unaokwenda kwenye kitu hicho. Sikuwa nimechunguza kama kitu chenyewe kipo.

Nilimpigia Baba simu.

"Nani?" aliuliza, kama alivyouliza kila mtu siku hizo, maana kioo cha simu hakukiona tena.

"Ni mimi. Baba, pikapu haina stata."

"Naam. Haina."

"Ulijua?"

"Mimi ndiye niliyeitoa. Nitakosaje kujua?"

Nilimuuliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mzazi na nilijuta baadaye, stata imeenda wapi. Akanieleza bila haraka. Kulikuwa na rafiki yake wa Chawia, seremala, aliyekuwa na pikapu ya aina moja na yake. Rafiki huyo alihamia Taveta, kwenye mashamba ya ndizi, na stata yake ikaharibika. "Sasa fikiria wewe mwenyewe," Baba alisema. "Mtu wa Taveta yuko kwenye tambarare. Atafanya nini? Mimi nina mlima mzima. Nilimpa."

"Lini hiyo?"

"Mama yako alikuwa hai."

Mama ametuacha miaka kumi na moja. Kwa miaka hiyo yote na zaidi pikapu ile ilikuwa imebeba mbolea, maharagwe, maiti wawili na kwaya, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza. Na wewe ni mwalimu, kuuliza si ujinga." Kisha akauliza: "Saa ngapi sasa?"

"Saa moja na nusu."

"Basi una saa moja na nusu," alisema, akakata.

Nilisimama na simu mkononi nikiwa na hasira ya kutosha kuendesha pikapu bila injini. Fundi alisema stata ya namna hiyo labda ipatikane Mombasa, na si leo. Jirani aliniambia nichukue gari lake, jeupe, la juzi, linawaka kwa kubonyeza kitufe. Nilishukuru, nikamweleza sharti la Baba. Mama mwenye nyumba aliinuka kitini. Aliweka kikombe chini, akakunja mikono ya buibui, akafungua geti, na kuwaita watu wa bodaboda kwa sauti ambayo sikujua anayo.

"Penye wengi pana Mungu!" aliwaambia. "Njooni, mzee wa watu anangoja macho!"

Wakaja sita. Tulianza kwa kuirudisha nyuma, itoke ukutani hadi barabarani. Jirani aliomba ashike usukani yeye, kwa kuwa mwalimu ni mwanamke na kazi hii inataka ujuzi. Sikuwa na muda wa kubishana. Kwa hiyo nikaenda nyuma. Niliweka mikono yangu miwili juu ya bati la pikapu ile, kati ya fundi na jamaa wa bodaboda mwenye koti la mvua, nikainamisha kichwa na kusukuma. Kiapo changu cha miaka thelathini kilivunjika mbele ya mashahidi tisa. Na si mara moja. Jirani alikuwa amezoea gari la kitufe, akaachia klachi ghafla, pikapu ikaruka kama mbuzi na kusimama, na kifua changu kikagonga mlango wa nyuma. Akarudia kosa lile lile. Mara ya tatu nilimtoa kwenye usukani kwa mkono.

Waliponisukuma mimi, nilisubiri. Hilo ndilo jambo pekee nililofundishwa Wusi bila ubao: kusubiri gari liwe na mwendo wake. Waliniambia achia, achia, nikakataa, nikaweka gia ya pili, nikahesabu kama Baba anavyohesabu chini ya pumzi, ndipo nikaachia klachi. Pikapu ilishtuka, ikapiga chafya ya moshi mweusi, ikanguruma. Nilipiga kelele za furaha na wala sikusimama kuwaaga. Kiatu changu kimoja, kilichonitoka nikisukuma, kilibaki barabarani. Mfuko wa vyombo wa fundi ulikuwa nyuma na ukasafiri nami bila tikiti, na kwenye kioo nikamwona akikimbia hatua chache, halafu akakata tamaa na kupunga mkono.

Sharti langu jipya lilikuwa moja: injini isizimike. Kwenye matuta niliomba. Kabla ya Mwatate askari wa trafiki alinisimamisha na kuniambia nizime gari aione leseni.

"Afande," nilimwambia, "nikizima hili gari utanisukuma wewe."

Aliinama akatazama ndani. Aliona mwanamke mwenye kiatu kimoja, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi, akikanyaga mafuta gari likiwa limesimama. Alinipa ishara nipite na hata leseni hakuigusa.

Nilipofika Wusi ilikuwa saa tatu kasoro dakika nne. Baba alikuwa amesimama barabarani akiwa na suti yake ya kijivu na kofia, ameshika fimbo kama mapambo tu. Alikuwa ameelekeza uso upande wa mlio, pembeni kidogo ya mahali nilipokuwa kweli.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Tatu kasoro nne."

"Injini inachemka. Umekuja mbio."

Nilikuwa nimeandaa hotuba tangu Mwatate. Ilianza na mikebe ya mafuta na ilimalizikia kwa ukaidi wa watu fulani. Lakini nikamwona akitembea kuelekea mlango. Kishikio cha mlango ule kina tabia zake: unakiinua kwanza, ndipo unakivuta upande wako, na mgeni hukihangaikia mpaka asaidiwe. Mkono wa Baba ulikwenda moja kwa moja ukakiinua na kukivuta. Akapanda, mguu wa kulia kwanza. Akavuta mkanda, akaufunga bila kupapasa. Akashusha kioo robo, kama apendavyo. Ungemwona ungesema mzee huyu anaona kuliko wewe.

Hapo ndipo nilipoelewa gari la watu ni nini. Ni mlango usioujua, barabarani, majirani wakitazama, na mkono wako unatafuta kishikio usikione mpaka mtu akuonee huruma akufungulie. Miaka miwili nilikuwa nimegombana na kiburi chake, kumbe nilikuwa nagombana na aibu. Hotuba yangu ilinitoka yote kichwani. Niliona uchungu, nikaweka gia.

Tulishuka. Kabla ya kila kona alinitangazia. "Punguza. Sasa kona ya kushoto. Kuna mahali pamebomoka, kaa katikati. Hapo sasa kuna harufu ya mkaratusi, piga honi."

"Baba, unaona?"

"Nionee nini? Barabara haijahama."

Nilimuuliza ameendesha hivyo muda gani. Alijikuna kidevu akasema si muda mrefu, misimu minne hivi, na tena alikuwa anapiga honi kila kona. Baadaye majirani waliniambia kwamba wakiisikia honi ile walikuwa wanapanda ukingoni na watoto wao na mbuzi wao, na kusimama huko mpaka afisa wa kilimo apite. Walidhani ni mzee mwenye adabu sana barabarani.

Voi ina balaa moja, nayo ni kwamba imelala tambarare. Nilizunguka hospitali mara mbili nikitafuta mteremko. Mwishowe niliupata pale barabara inapopanda kuelekea daraja la reli, mbali kidogo, nikaiegesha pikapu ikiangalia chini na jiwe mbele ya gurudumu. Tukabaki na safari ya miguu ya dakika kumi, kwenye vumbi na watu na mikokoteni, mahali ambapo Baba hakujua hata hatua moja. Alisimama kando ya pikapu, mkono wake ukiwa bado umeshika bati. Kisha akauachilia na kunishika kiwiko.

"Kuna vumbi," alisema.

"Ni jingi sana leo," nilimjibu.

Tulitembea hivyo hadi hospitalini, mimi na kiatu kimoja na ndara moja niliyoikuta chini ya kiti, yeye na suti. Hakuniachia hata tulipoingia ndani. Aliandikishwa saa tano na nusu. Alasiri walimpasua jicho la kulia, wakamfunga bandeji, na akalala kwangu akilalamika kwamba chai ya Voi ina chumvi.

Asubuhi yake, hospitalini, nesi alimkalisha kwenye kiti karibu na dirisha na kuifungua bandeji taratibu. Baba alipepesa. Jicho lilitoa maji. Akatazama dirisha, akatazama kalenda ukutani, akamtazama nesi na kumwambia shikamoo kwa makosa, wakacheka wote wawili. Ndipo akageuka kwangu.

Alinitazama muda mrefu sana. Nilianza kutabasamu ili nimsaidie, halafu nikaona hahitaji msaada. Alinyoosha mkono akanigusa kichwani, juu ya sikio.

"Una mvi," alisema.

"Ninazo, Baba."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

Akaushusha mkono, akauweka gotini, akaendelea kunitazama kana kwamba mimi ndiye ramani aliyopewa akachelewa kuisoma.

"Kumbe," alisema polepole, "nimekuwa nikimwamrisha mtu mzima."

Nilitaka kumjibu neno la utani, ninayo mengi, nikaliacha. Niligeuza uso kwenye dirisha haraka, kama nilivyozoea kufanya mbele yake miaka yote ile alipokuwa haoni.

"Futa machozi, mwanangu," Baba akasema. "Nakuona."